Gereza Lililokuwa Kanisa

Matembezi katika Fort Jesus, ngome ya zamani ya Mombasa



Mwezi huu tunawapeleka mbali na mashimo yetu ya shaba, mpaka kando ya bahari, katika muji wa Mombasa, inchi ya Kenya. Kwaya yetu ilialikwa kule kwa mukutano wa makanisa. Siku ya mapumziko tulikwenda kutazama ngome kubwa ya zamani inayoitwa Fort Jesus, maana yake Ngome ya Yesu. Tulikuwa watu saba: mama wawili, vijana wanne, na mimi ninayeandika.

Lakini nyumbani tuliacha ugomvi, na inafaa tuuseme kwanza, kwa sababu ulitufuata mpaka kule.

Katika kambi yetu kuna nyumba moja ya zamani, watu wanaiita Sirkle. Zamani wakubwa wa kazi, Wazungu, walikutana mule kila jioni kunywa na kucheza. Baba zetu ndio waliojenga kuta zake, lakini hawakuwa na ruhusa ya kuingia kwa mulango wa mbele. Leo wale wakubwa hawako, mulango hauko, na nusu ya mabati imekwisha kuuzwa. Vijana wa kanisa walisema: "Tuvunje yote. Matofali tutajenga nayo lupango ya kanisa. Ile nyumba ni ya haya." Wazee wakasema: "Muiache vile iko." Mukutano ulikwisha bila shauri. Basi, kijana aliyesema kwa nguvu kupita wote kwamba tuvunje, alikuwa katika safari pamoja nasi. Yeye ni fundi wa kujenga, na katika kwaya anaimba besi. Hapa tutamuita Besi tu.

MBELE YA MULANGO

Ngome ile inasimama juu ya mwamba, pale bahari inapoingia katika bandari ya zamani. Kuta zake ni ndefu na nene, na mutu akisimama chini yake anajiona mudogo sawa mutoto.

Nje ya mulango kuna mizinga ya vita vya 1914–1918. Mumoja ulitoka katika meli ya Wadachi iliyoitwa Königsberg, ambayo ilizama mwaka wa 1915 katika muto Rufiji. Tulishangaa kusikia kwamba muzinga mwingine wa meli ile ulipelekwa mpaka Ziwa Tanganyika na kufungwa juu ya meli Graf von Götzen. Basi babu zetu wa Force Publique, walioingia Kigoma katika mwaka wa 1916, walikuwa wanapigana na ndugu wa muzinga huu! Dunia si kubwa sana.

Mwongozaji wetu alikuwa muzee wa Mombasa, Mwislamu, mwenye kofia ya kushonwa kwa mukono. Vijana walimusalimia: "Jambo, papa." Akacheka kwa wema.

"Hamjambo, wageni wetu. Mwatoka wapi?"

"Tunatoka Kongo, papa. Ku Katanga."

"Basi lugha imetembea," akasema.

Kweli ilitembea. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za tembo na ya watumwa ilitoka pwani mpaka ngambo ya Ziwa Tanganyika, na Kiswahili kilikwenda nayo. Kisha kazi ya migodi ilikusanya watu wa makabila mengi, na lugha ile ikawa ya kambi na ya kanisa. Sisi na yule muzee tulisikilizana vizuri, hata kama mara nyingine alituomba turudilie neno.

JINA LA YESU JUU YA MIZINGA

Wareno walipita Mombasa mara ya kwanza mwaka wa 1498, pamoja na Vasco da Gama, wakitafuta njia ya bahari ya kwenda Uhindi. Walitaka biashara yote ya pwani ikae katika mukono wao. Wenyeji wa Mombasa hawakukubali, na Waturuki nao walikuja kuwasaidia. Ndiyo sababu katika mwaka wa 1593 Wareno walianza kujenga ngome. Aliyechora kazi alikuwa Mwitalia, Giovanni Battista Cairati. Mutu akiitazama kutoka juu, ngome ina umbo la mutu aliyelala: kichwa, mikono na miguu. Pembe zake nne zilipewa majina ya watakatifu: Filipo, Alberto, Mateo na Matia. Na ngome yenyewe ikapewa jina la Yesu.

Mama mumoja wetu alisimama pale akauliza: "Papa, jina la Yesu na hii mizinga, vilipatana namna gani?"

Muzee hakujibu mara moja. Alitupeleka chini ya mulango, akatuonyesha maandiko ya Kireno yaliyochongwa katika jiwe mwaka wa 1635. Akatueleza habari yake, nasi tunaieleza kwa kifupi.

Mwanzoni mwa karne ya 17 Mombasa ilikuwa na mufalme jina lake Hasan. Aligombana na kapiteni wa ngome, akakimbia, na mwaka wa 1614 akauawa kwa shauri la Wareno. Mutoto wake Yusuf alichukuliwa mpaka Goa, Uhindi. Kule mapadri walimulea, wakamubatiza kwa jina Jerónimo, wakamufundisha. Alipokuwa mutu muzima walimurudisha Mombasa kuwa mufalme. Lakini kapiteni mupya alimuzarau, na habari zilienea kwamba kijana anakwenda kwa siri kuomba kwenye kaburi la baba yake. Mwezi wa nane wa mwaka wa 1631 aliingia ndani ya ngome na watu wake, akamuua kapiteni, na baada ya hapo Wakristo wengi wa muji waliuawa: Wareno, na Waafrika vilevile, wanaume, wanawake na watoto. Wengi wao walikataa kuacha imani yao.

Mwaka uliofuata Yusuf aliiacha ngome akaenda baharini, na Wareno wakarudi. Kapiteni mwingine akatengeneza kuta na kuchonga yale maandiko. Yanasifu nguvu zake na kumutaja Yusuf kama mufalme mubaya na mwasi. Juu ya baba aliyeuawa na mutoto aliyepelekwa mbali, hakuna neno hata moja.

Sisi Wakristo tunawakumbuka kwa heshima wale waliokufa kwa ajili ya imani. Walikuwa hawana kosa. Lakini haifai tusahau kwamba damu ya 1631 ilianza na damu ya 1614. Mama yule alisema polepole: "Walibatiza mutoto, lakini hawakumuomba musamaha." Sisi wote tulinyamaza.

NENO "GEREZA"

Ndani kuna uwanja mukubwa, na katikati tuliona misingi ya kanisa la Wareno. Kuta zake haziko tena. Ni mistari ya mawe tu, chini.

"Nyinyi watu wa kanisa," muzee akauliza, "mwajua neno gereza limetoka wapi?"

Mumoja akasema ni Kiarabu. Mwingine akasema ni Kiingereza. Besi akasema: "Sisi tunasema buloko." Tukacheka wote.

Kumbe wajuzi wengi wa lugha wanasema gereza limetoka katika neno la Kireno igreja, na maana ya igreja ni kanisa! Wareno walituachia maneno mengi: meza, bendera, leso. Na neno lao la kanisa likabaki katika Kiswahili kwa kuitwa nyumba ya kufungia watu, kwa sababu kanisa lao lilikuwa ndani ya ngome, nyuma ya kuta na mizinga.

Ndugu msomaji, tafazali usipite neno hili haraka. Watu wa pwani walisikia neno "kanisa," na walichokiona ni kuta, askari na minyororo. Kama jirani zetu wangetafuta leo jina la kanisa letu kwa kutazama matendo yetu tu, wangechagua neno gani?

WALIOKUFA NDANI

Mwezi wa tatu wa mwaka wa 1696 Waarabu wa Oman walizunguka ngome. Walikaa pale miezi 33. Ndani walikuwa Wareno, Waswahili waliokuwa upande wao, na wanawake na watoto. Ugonjwa uliingia, ukawaua watu kupita bunduki. Wakubwa wa Wareno walipokufa, mwana wa mufalme wa Faza, Mwislamu, alishika uongozi wa ulinzi. Meli Santo António de Tanná iliyotumwa kuwasaidia ilizama mbele ya ngome mwaka wa 1697. Mwezi wa kumi na mbili wa 1698, waliposhindwa, waliobaki hai walikuwa wachache sana.

Zaidi ya miaka 250 baadaye, kati ya 1977 na 1980, wajuzi walizama kwa kipimo na kwa subira, wakapandisha vitu vya meli ile. Leo viko katika chumba cha maonyesho: vyombo, vitu vya chuma, vitu vya mbao. Vijana wetu walikaa pale saa nzima.

Tangu mwaka wa 1631 mpaka 1875 ngome ilibadili wenyewe mara nyingi: Wareno, Waomani, ukoo wa Mazrui, Sultani wa Zanzibar. Kisha Waingereza wakaja, na katika mwaka wa 1895 wakaifanya kuwa gereza. Fasi ile ilikaa gereza mpaka mwaka wa 1958, miaka 63. Kwa hiyo kuna wazee wa Mombasa ambao baba zao walifungwa mule.

NAMNA ILIVYOFUNGULIWA

Mwaka wa 1958 wafungwa walitolewa, na kazi ya kutengeneza ikaanza. Feza zilitoka katika Shirika la Gulbenkian la Lisbon, muji mukubwa wa Wareno. Ndiyo, ile ile inchi iliyojenga kuta ilisaidia kuzifungua. Mujuzi mumoja, James Kirkman, alichimba na kuchunguza udongo. Vibanda vya gereza viliondolewa, na mwaka wa 1962 ngome ikawa nyumba ya makumbusho, yaani mize. Leo inatunzwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na tangu mwaka wa 2011 UNESCO imeiandika katika urizi wa dunia nzima.

Besi, kwa kuwa ni fundi, alikuwa anagusa kuta kila fasi. Zimejengwa kwa matumbawe, ni mawe yanayotokana na vidudu vya bahari. Yalishikanishwa kwa chokaa, si kwa simenti. Muzee alimueleza kwamba ukuta wa namna ile unapumua. Ukiupaka simenti, maji na chumvi hufungwa ndani, na jiwe huoza polepole. Anayetengeneza anapaswa kujifunza kwanza kazi ya wale waliojenga. Besi aliandika neno hilo katika kitabu chake cha nyimbo.

Katika chumba kimoja tuliona michoro ambayo askari Wareno walichora ukutani kwa makaa na udongo mwekundu: meli, samaki, watu, nyumba. Ni mikono ya watu waliokaa mbali na kwao. Katika nyumba iliyojengwa na Waomani tuliona mapambo na vyombo vya watu wa pwani. Tuliona na mifupa ya nyangumi, mikubwa sana, nayo ilifurahisha vijana kupita mizinga!

Lakini kitu kilichotushangaza kupita vyote ni watoto wa masomo. Walikuwa wengi, na madaftari mukononi, wanakimbia, wanauliza, wanaandika. Mwalimu mumoja alikuwa anafundisha mbele ya chumba cha wafungwa. Musichana mudogo aliuliza: "Mwalimu, walikuwa wanalala wapi?" Mwalimu akamuonyesha. Mutoto akaandika.

UGOMVI WETU UNARUDI

Tuliketi katika kivuli. Pale Besi alimuuliza muzee neno lililokuwa katika roho yake.

"Papa, hii nyumba ilifunga batu benu. Juu ya nini hamukuivunja?"

"Wengine walitaka," muzee akajibu. "Lakini tukivunja, mjukuu wangu nitamwonyesha nini? Nitamwambia tu, na atafikiri ni hadithi. Na lile kanisa la Wareno, mimi si Mkristo, lakini mawe yake nayafagia. Habari zake ni zetu pia."

"Sawa, papa. Lakini hapa watalii banalipa bileti. Kwetu nani atalipa? Sisi mabati tu tunakosa!"

Ulizo lake lilikuwa la haki, na muzee hakulikataa. Alisema kuta za bahari zinagharimu sana, na mawimbi hayapumziki. Imepasa kujenga ukuta mwingine wa kuzuia maji. Mutu asianze kazi kama hiyo akifikiri ni ya siku moja.

Ndipo mama wa pili, ambaye alikuwa amenyamaza tangu asubui, akasema: "Vijana, munajua maneno ya mwaka wa 1941 ku Elisabethville?"

Hakuna aliyejua. Akawaeleza kwamba katika mwezi wa kumi na mbili wa mwaka ule, wafanyakazi wa shaba waliogoma kwa ajili ya mushahara walikusanyika katika uwanja wa mupira, na askari wakawapiga risasi. Wengi walikufa. Baba yake alimueleza habari ile mara moja tu katika maisha yake, kisha akafunga kinywa.

"Mimi niko na miaka makumi sita na munane," akasema. "Nikikufa, nani atabaki na ile habari? Mu Sirkle tungepata hata chumba kimoja cha kuiandika ukutani. Si kwa watalii. Kwa batoto betu."

Besi alitazama chini. Hakusema kama amekubali, wala kama amekataa.

Ndugu wasomaji, katika kitabu cha Yoshua, sura ya nne, tunasoma juu ya mawe kumi na mawili yaliyotolewa katika Yordani na kusimamishwa Gilgali. Sababu yake ilikuwa nini? Ni kusudi watoto wa kesho waulize wazazi wao maana ya mawe yale, na wazazi wawe na jibu. Mawe yenyewe hayawezi kusema. Lakini yanamufanya mutoto aulize, na yanamulazimisha muzazi ajibu. Pasipo mawe, ulizo linakufa, na pasipo jibu, mawe ni matofali ya kuuza.

TULIPORUDI

Tunataka kusema ukweli: hatukurudi na feza, wala Sirkle haijawa nzuri. Wakati tulipokuwa safarini mabati mengine yaliibwa. Halmashauri ya kanisa ilikutana tena, na safari hii Besi ndiye aliyesimama kwanza. Alisema: "Tusivunje mbele ya kuandika." Akajitolea kutengeneza chumba kimoja, kile cha mbele, ambacho baba zetu walikatazwa kuingia.

Leo chumba kile kina paa na meza mbili. Watoto wasio na taa nyumbani wanakuja kusoma mule jioni, na mama wanawalinda kwa zamu. Vitabu ni vichache. Ukutani tumeanza kuandika majina ya watu waliojenga nyumba ile. Mpaka sasa tumepata majina kumi na mane, kwa kuuliza wazee nyumba kwa nyumba. Chini ya majina Besi alitaka kuandika kwamba watu hao hawakuwa na ruhusa ya kuingia. Wazee wawili walikataa, wakasema ni aibu. Maneno haya hatujayamaliza. Lakini tumekubaliana kwamba watoto wanaosoma mule wakiuliza, watajibiwa.

Na mulango wa mbele ndio tunaoutumia.

MAULIZO YA KUZUNGUMUZA KATIKA JAMAA NA KATIKA KIKUNDI CHA VIJANA

1. Katika kartie yenu, ni nyumba gani au fasi gani ya zamani ambayo watoto hawajui habari yake? Nani angali hai anayeweza kuieleza?

2. Wareno walimubatiza mutoto Yusuf, lakini kifo cha baba yake hakikutengenezwa. Katika jamaa yetu, kuna kosa la zamani ambalo tunalifunika kwa maombi tu, bila kuomba musamaha?

3. Watu wa Mombasa walisikia "kanisa," wakafikiri kifungo. Jirani zetu wanafikiri nini wanaposikia jina la kanisa letu?

4. Kazi ya mukono: vijana wachukue daftari moja, waende kwa wazee watatu wa kambi, na waandike majina ya wale waliojenga kanisa lenu au masomo yenu. Msingoje mwaka mwingine.

Mungu awabariki, na atupe midomo ya kusema ukweli kwa watoto wetu.